Mti wa Uani Usio na Jina

Miji yetu imejaa miti ya matunda ambayo wenye nyumba hawaijui kwa jina. Sisemi mwembe, mpera au mchungwa, ambayo hata mtoto wa chekechea huitaja bila kufikiri. Nasema ile iliyopandwa kwa ajili ya kivuli na pambo, mara nyingi na mtu aliyekwisha kuhama au kufariki. Mwenye nyumba wa sasa aliikuta. Imechanua, imezaa, na siku moja mgeni akainua macho akauliza, "Haya matunda yanaliwa?" Baba anasema ni ya ndege. Dada anayesaidia kazi anasema kwao upo mti kama huo na watu huufanya dawa. Watoto, ambao hawakungoja jibu, wameshaonja.

Swali hilo lina jibu. Karibu kila mti wa pambo uliomo kwenye ua wa nyumba Arusha, Tanga, Nairobi au Unguja uliletwa na mtu, una ndugu zake, na una jina lililokwisha kuandikwa mahali. Kinachokosekana ni namna ya kuutazama. Wengi wetu huutambua mti kwa tunda lake peke yake, na tunda hudanganya kuliko sehemu nyingine yoyote ya mti. Njano, jekundu, duara, tamu kidogo: sifa hizo zimegawiwa kwa mimea mingi mno isiyohusiana kabisa.

Tuanze na mti mmoja niliouona Arusha, nyuma ya nyumba ya zamani yenye ua mpana. Ulikuwa mwezi wa Oktoba. Bibi mwenye nyumba alikuwa akichuma majani na kuyatia kwenye sufuria.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, nachuma mwarobaini. Mjukuu wangu ameamka na homa."

Juu yetu kulikuwa na mashada ya matunda madogo ya njano, ya duara, mengine yameanza kusinyaa. Yalikuwa ya msimu uliopita. Mti ulikuwa umeshapukutisha majani wakati wa baridi, matunda yakabaki yananing'inia kwenye matawi matupu, na sasa majani mapya yalikuwa yametoka pamoja na maua. Ni bahati kuukuta mti katika hali hiyo, maana jani, ua na tunda vinapatikana kwa pamoja, na mtu hana haja ya kukisia.

Nilimwomba tawi moja. Jambo la kwanza lilikuwa jani. Jani la mwarobaini ni kama unyoya wa kuku: kuna uti mmoja katikati, na vijani vidogo vimejipanga huku na huku moja kwa moja kwenye uti huo. Hili halikuwa hivyo. Uti wake mkuu ulitoa vijiti vya pembeni, na kila kijiti kikawa na safu yake ya vijani. Watu wengi hukosea hapa kwa sababu wanachuma kijiti kimoja cha pembeni wakidhani ndilo jani zima, kisha wanakilinganisha na mwarobaini na kuona vinafanana. Lazima ulishike jani kuanzia pale linapotoka kwenye tawi, penye chipukizi, hadi ncha yake.

Jambo la pili lilikuwa ua. Mwarobaini huchanua maua madogo meupe yenye harufu ya asali. Maua ya mti ule yalikuwa ya rangi ya zambarau iliyopauka, petali tano nyembamba zilizofunguka, na katikati limesimama bomba dogo la zambarau iliyokoza, karibu jeusi. Harufu yake ni nzuri, na kwa hakika hiyo ndiyo sababu mtu aliupanda.

Jambo la tatu lilikuwa kokwa. Tunda la mwarobaini ni la mviringo mrefu. Haya yalikuwa duara, na nilipoyamenya nyama yake ya kunata nikakuta kokwa gumu lenye mifuo iliyotoka juu hadi chini, na katikati yake tundu la asili linaloweza kupitisha uzi. Huko Asia na Ulaya watu wamekuwa wakiyatunga makokwa hayo kuwa shanga na tasbihi tangu zamani.

Kulikuwa na ushahidi wa nne, nao ni mahali penyewe. Mwarobaini ni mti wa joto. Unastawi Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Dodoma. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na mwarobaini hauipendi baridi. Kinyume chake mti ule ulikuwa mnene, wenye afya, na umepukutisha na kuchipua kwa mpangilio wa mti unaoijua baridi tangu asili yake.

Ulikuwa Melia azedarach. Asili yake ni Asia, kuanzia India na China hadi kaskazini mwa Australia, na mtaalamu wa mimea Linnaeus aliuandika kwa jina hilo mwaka 1753. Ni wa familia moja na mwarobaini, Meliaceae, ndiyo maana majani ya miti yote miwili ni machungu na meno ya kingo zake yanafanana. Lakini matunda yake yana sumu. Yamewahi kuwadhuru watoto na nguruwe: kutapika, kuharisha, kuishiwa nguvu, na kwa walioathirika sana mishipa ya fahamu kuvurugika. Tena ukali wa sumu hiyo hutofautiana kati ya mti na mti, kwa hiyo utakutana na mtu atakayekuapia kwamba alikula utotoni na hakuona kitu. Huenda anasema kweli kuhusu mti wake. Haimaanishi kitu kuhusu wa kwako.

Nilimweleza bibi yule nikimwonyesha jani mkononi. Alilitazama kwa muda, akaligeuza, akasema, "Mbona mtaa mzima tunauita mwarobaini?" Ni swali la haki. Jirani alimwambia jirani, na hakuna aliyekuwa na mwarobaini wa kweli karibu wa kuulinganisha nao. Majani yale yakamwagwa, na mtoto akapelekwa zahanati, mahali ambapo mtoto mwenye homa anapaswa kupelekwa hata kama mti ungekuwa mwarobaini wenyewe.

Mkanganyiko huu una mkono wa tatu. Katika maeneo makavu ya Kenya na Tanzania kuna melia mwingine, wa kwetu kabisa, ambao Wakamba wanauita mukau. Kitaalamu ni Melia volkensii, kwa heshima ya Georg Volkens, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani aliyefanya kazi Kilimanjaro miaka ya 1890. Mukau ni mti wa mbao nzuri na wakulima wa Ukambani wanaupanda kwa faida. Majani ya mche wake na ya mche wa melia wa bustanini yanakaribiana sana. Tofauti huonekana vizuri kwenye maua, ambayo kwa mukau ni meupe, na kwenye tunda, ambalo ni kubwa zaidi na kokwa lake ni nene. Anayenunua miche ya mbao barabarani ana sababu nzuri ya kuijua tofauti hii kabla hajatoa fedha.

Ndege si mwonjaji wako

Kuna kanuni moja inayosikika kila mahali, Bara na Pwani: tunda likiliwa na ndege, basi na binadamu anaweza kulila. Kanuni hiyo ni ya uongo na ya hatari. Ndege na popo wanakula matunda ya melia na kutawanya makokwa yake, na kwa njia hiyo mti umesambaa wenyewe kandokando ya mito na barabara. Tumbo la ndege na tumbo la mtoto ni vitu viwili.

Kuna kanuni ya pili, kwamba tunda chungu ndilo lenye sumu na tamu ni salama. Nayo haifai. Na kuna ya tatu, kwamba ukichemsha sumu huisha. Sumu nyingi za mimea hazijali moto wa jikoni.

Mti unaonitia wasiwasi kuliko wote ni ule ambao baadhi ya watu huuita oleanda ya njano, kwa jina la kitaalamu Cascabela thevetia, ingawa vitabu vya zamani vinauita Thevetia peruviana. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Hapa kwetu unapandwa kuwa ua la uzio kwa sababu haufi kwa ukame, hauliwi na mbuzi, na unachanua karibu mwaka mzima. Majani yake ni membamba, marefu, ya kung'aa. Maua yake ni ya njano, wakati mwingine ya rangi ya pichi, yenye umbo la faneli. Kisha linakuja tunda: kijani, la kung'aa, lenye pembe, lisilofanana na tunda lolote tunalokula, na likiiva huwa jeusi. Ndani yake mna kokwa la pembetatu ambalo watoto hulichezea.

Kila sehemu ya mti huo ina kemikali zinazogusa mapigo ya moyo, na mbegu ndizo zenye kiasi kikubwa. Sri Lanka, ambako mti huu uko kila kijiji, madaktari wamelazimika kuwahudumia maelfu ya watu waliokula mbegu zake, kiasi kwamba jaribio la dawa ya kingamwili dhidi ya sumu hiyo lilichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2000. Dawa ya namna hiyo ni ghali na haipatikani katika hospitali nyingi. Sisi tunaupanda kwenye uzio wa shule za awali.

Dalili ya kwanza ya kuutambua ni rahisi. Vunja jani au kikonyo. Utomvu mweupe kama maziwa ukichuruzika, uko katika kundi la mimea inayostahili tahadhari. Osha mikono, usiguse macho.

Hata hivyo utomvu peke yake hauhukumu. Mtandamboo wa porini, ambao watoto wa mashambani hula matunda yake meusi, una utomvu mweupe. Ndugu yake wa bustanini kutoka Afrika Kusini, Carissa macrocarpa, anayepandwa kuwa uzio katika nyumba nyingi za Nairobi na Arusha, naye ana utomvu mweupe, maua meupe ya nyota yenye harufu nzuri, miiba iliyogawanyika ncha mbili, na tunda jekundu ambalo likiiva vizuri hutengenezewa jamu. Na wote hawa ni familia moja na oleanda ya njano. Mti wa jamu na mti wa sumu ya moyo wanatoka ukoo mmoja, wanatoa maziwa yaleyale, na kinachowatenga ni miiba, mpangilio wa majani na umbo la tunda. Majani ya mtandamboo na carissa yamekaa mawili mawili, moja likilielekea jingine. Ya oleanda ya njano yamepishana kuzunguka tawi.

Mpangilio huo wa majani ndio ningependa kila mtu aujifunze kwanza, kabla ya jambo lolote. Hauhitaji darubini wala shule. Tazama tawi: majani yanatoka mawili mawili mahali pamoja, au yanapishana moja moja? Jibu hilo moja huondoa nusu ya makisio.

La pili ni harufu. Sugua jani kati ya vidole. Mzambarau, mpera, mkaratusi na mikarafuu ya Unguja na Pemba wote ni familia moja, Myrtaceae, na jani likielekezwa kwenye jua utaona vitone vidogo vinavyopitisha mwanga. Hivyo ni vifuko vya mafuta, navyo ndivyo vinavyotoa harufu. Kuna mti mdogo wa pambo unaopatikana kwenye bustani nyingi za nyanda za juu, wenye matunda mekundu yenye mifuo minane, mazuri mno kwa macho, yanayofanana na kibuyu kidogo kilichobanwa. Wenye nyumba huuogopa. Ukisugua jani lake na kulielekeza juani, vitone hivyo vipo, na majani yako mawili mawili. Ni Eugenia uniflora kutoka Brazili na nchi jirani zake, na tunda lake linaliwa. Brazili hulitengenezea juisi. Kwa hiyo kutojua hakuleti hatari tu. Mara nyingine huacha chakula kizuri kiozee chini ya mti.

La tatu ni pale tunda linapotokea. Miti mingi huzaa kwenye ncha za matawi. Michache huzaa kwenye shina lenyewe, kama mfenesi na mbirimbi, na hiyo ni alama kubwa inayopunguza orodha haraka. Mwegea, ambao hoteli nyingi za kitalii huuacha kwenye bustani kwa ajili ya mshangao wa wageni, hutundika matunda yake kwa kamba ndefu. Tunda linaweza kufika sentimita 60 na kuwa zito kiasi cha kuvunja kioo cha gari. Tunda bichi la mwegea haliliwi. Likikaushwa na kutayarishwa, Wakikuyu hulitumia kuchachusha pombe yao ya jadi ya muratina.

Mfano huo wa mwegea unafungua jambo ambalo jina peke yake halilimalizi. Kuna matunda ambayo ni salama katika hali moja na hatari katika nyingine. Maarufu kuliko yote ni akii, mti wa Afrika Magharibi uliovuka bahari hadi Jamaika na kuwa tunda la taifa huko. Nahodha William Bligh alipeleka sampuli zake bustani ya Kew, Uingereza, mwaka 1793, na jina lake la kitaalamu, Blighia sapida, linamkumbuka yeye. Tunda la akii lililoiva na kufunguka lenyewe huliwa kila siku. Lililo bichi lina sumu inayoshusha sukari mwilini na imewahi kuua. Ndugu yake, Blighia unijugata, anaota katika misitu ya Afrika Mashariki na naye hupandwa kwa kivuli. Tunda lake jekundu lenye mbegu nyeusi zinazong'aa huvutia sana. Mtu aliyewahi kuishi Jamaika akiliona anaweza kudhani amekutana na rafiki wa zamani.

Na karambola, lile tunda la pembe tano ambalo ukilikata hutoa vipande vya nyota, ni chakula kwa watu wengi lakini ni sumu kwa mwenye ugonjwa wa figo. Hili linastahili kusemwa katika kila kliniki ya figo nchini.

Majina yako wapi

Afrika Mashariki si maskini wa kumbukumbu za mimea. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, wakapanda humo miti kutoka kila pembe ya dunia ya joto ili kuijaribu. Mingi bado imesimama. Sampuli zilizokusanywa Amani, yaani matawi makavu yaliyobandikwa kwenye karatasi ngumu na kuandikwa mahali na tarehe, zilihamishiwa Nairobi mwaka 1950 na zikawa msingi wa Hebaria ya Afrika Mashariki iliyoko kwenye Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Tanzania ina Hebaria yake ya Taifa huko Arusha, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Makerere vina za kwao. Zanzibar ilikuwa na bahati ya pekee: John Kirk, balozi wa Uingereza wa karne ya 19, alikuwa mtaalamu wa mimea na alikuwa na shamba lake la majaribio Mbweni, na mwaka 1949 R. O. Williams alichapisha kitabu kizima kuhusu mimea ya manufaa na ya pambo ya Unguja na Pemba. Kitabu hicho bado ni msaada kwa anayetaka kuujua mti wa bustani ya zamani ya Mji Mkongwe.

Kazi kubwa kuliko zote ni ile ya kuorodhesha mimea ya Kenya, Tanzania na Uganda, iliyoongozwa na Kew. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1952 na cha mwisho mwaka 2012. Miaka 60, na spishi 12,104. Lakini kazi hiyo ilihusu mimea inayoota porini. Miti ya bustanini iliguswa kwa ufupi, mingine haikuguswa kabisa. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo: mti wa msituni ambao hakuna mtoto anayeufikia umeelezwa kwa kurasa kadhaa, na ule ulio mlangoni pa darasa hauna hata mstari mmoja. Sioni kosa la waandishi hapo; walikuwa na kazi yao na waliimaliza. Iliyobaki ni yetu.

Siku hizi watu hukimbilia simu. Programu za kutambua mimea kwa picha, kama PlantNet na iNaturalist, zinasaidia kweli, na nazitumia. Ila zinajibu kulingana na ulichozipa. Picha ya tunda pekee dhidi ya anga itakuletea makisio matano ya familia tano. Zipe picha ya mti mzima, gome, tawi linaloonyesha mpangilio wa majani, jani zima kutoka kwenye chipukizi mbele na nyuma, ua kwa karibu, na tunda lililopasuliwa katikati, likiwa na sarafu kando yake ili ukubwa ujulikane. Hapo jibu litakuwa karibu na ukweli. Hata likiwa karibu, lichukue kuwa dokezo la kuanzia. Usiweke kitu kinywani, chako au cha mtoto, kwa sababu simu imesema asilimia 80.

Anayetaka uhakika hana budi kutengeneza sampuli, na kazi hiyo ni ya mezani tu. Kata tawi la urefu wa sentimita 30 hivi lenye majani na maua, na matunda kama yapo. Litandaze ndani ya gazeti, hata hili unalosoma ukishalimaliza, ukihakikisha jani moja limegeuzwa ili upande wa chini uonekane. Weka kadibodi juu na chini, kisha kitu kizito. Badilisha gazeti kila siku mpaka tawi likauke. Ukilisahau kwenye unyevu litaota ukungu na kazi imeharibika. Tunda nene likate vipande na kulikausha pembeni, ukihifadhi kokwa zima. Andika mahali, tarehe, urefu wa mti, jina ambalo watu wa mtaa wanalitumia, na zaidi ya yote yale yanayopotea tawi likikauka: rangi ya ua, rangi ya utomvu, harufu. Mtaalamu wa hebaria akipokea bahasha yenye maelezo hayo, kazi yake ni nyepesi. Akipokea tunda bovu ndani ya mfuko wa plastiki, anaweza kushindwa hata awe na miaka mingi ya kazi.

Wazee nao wasisahauliwe. Mtunza bustani aliyefanya kazi katika nyumba za serikali au misheni mara nyingi anakumbuka mche ulitoka wapi, na kujua mti ulitoka kitalu gani ni nusu ya kuujua. Lakini jina analokupa lilinganishe na jani. Yule bibi wa Arusha hakudanganywa na mtu mwenye nia mbaya.

Na kama mtoto ameshakula tunda usilolijua, usikae kungoja dalili wala kumlazimisha atapike. Mpeleke hospitali mara moja, na uchukue tawi lenye majani pamoja na tunda lililobaki. Daktari akijua mti, anajua cha kuangalia: moyo, sukari, au tumbo. Tawi hilo mkononi mwako linaweza kuwa na thamani kuliko maelezo yote utakayotoa kwenye meza ya mapokezi.

Ombi langu ni kwa shule, kwa sababu huko ndiko miti hii iko wazi kwa watoto wengi zaidi. Walimu wa baiolojia wanao wanafunzi, wanayo miti, na magazeti ya kukaushia matawi hayakosekani. Muhula ujao, kila shule ihesabu miti yake yote ya pambo, itengeneze sampuli ya ile isiyojulikana, na kuipeleka kwenye hebaria au chuo kikuu kilicho karibu. Majibu yakirudi, kila mti upigiliwe kibao kwenye nguzo ya pembeni, si kwenye shina: jina la Kiswahili kama lipo, jina la kitaalamu, na ulikotoka. Ule wenye sumu, kibao kiseme una sumu, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa. Na kama ni oleanda ya njano na umepandwa kwenye uzio wa chekechea, usiwekewe kibao. Ung'olewe.